Sifuri ya binti yangu

Shoga, nimempigia kelele mtaalamu wa usemi: "Mtoto amejibu!" Hata hakutikisika. "Amejibu kwa lugha ya bibi yake. Hiyo sihesabu."

Picha kumi, zote kazitaja. Kaandikiwa sifuri. SIFURI!

"Mama," ananiambia, "mwenye usonji lugha moja inamtosha. Mnamjaza takataka."

Takataka! Mbele ya mama yangu mzazi!

Na mimi mjinga nilimtii tangu siku ya kwanza aliposema lugha moja inatosha. Miezi mitatu nimemkataza mama kuzungumza na mjukuu wake. Anamwogesha kimya, anamlisha kimya, kama mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa.

Nimebeba faili letu, nimefuta miadi yote palepale mapokezini. Nikamwambia mama, "Zungumza naye."

Shoga, mama akaninong'oneza: "Kwani sasa naruhusiwa?"