Mkebe wa Bolti Uliotuma Kutoka Mwingi

Mwiki, Ruiru

Mpendwa Baba Mutuku,

Natumai barua hii itakukuta umekula, umeketi kwa kiti chako, na mgongo umetulia. Huku tunaamka, tunaomba, tunalala. Kwa hayo sina neno. Je, mvua imefika, au mnaangalia tu mawingu yakipita? Yule ng'ombe mweupe amezaa? Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu kabisa, hata wanaopita barabarani wanajua habari za nyumba yetu, na haya si ya wapita njia. Vaa miwani, usome polepole, na uwe peke yako.

Nianze na mtoto wako. Bendeji ya ile ajali ya msumeno imetolewa. Kidonda kimefunga vizuri, lakini ni mkono wa kuume usio na gumba na vidole viwili, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Chai anaichukua kwa kushoto kama aliyezaliwa hivyo. Nilimwambia daktari kwamba hajawahi kutibu kijana anayepona haraka namna hii, naye hakubisha. Wewe mwenyewe unajua Mutuku hakuwa kama watoto wa watu wengine tangu akiwa mdogo. Mwiki nzima, uende mpaka Ruiru mjini urudi, hutapata fundi ambaye droo zake zinafunga kimya kama zake. Si mimi ninayesema, ni waliozinunua.

Lakini siku hizi wateja wanaangalia mkono kabla ya kuangalia kazi. Kuna mama mmoja anayejenga huko Murera, alikuwa amempa kabati zote za jikoni. Alikuja, akasalimia vizuri, akauona mkono, akasema atapiga simu. Sote watatu tulijua hatapiga. Mutuku akaenda nyuma ya karakana akakaa juu ya mbao za yule mama, zilizokwisha kupigwa randa, na chakula nilichompikia kikapoa.

Ndipo akazidisha hizi jigi. Najua huzipendi. Wewe ulipima kwa jicho, misumari mdomoni, na mlango ukaingia. Jigi ni kibao tu cha kuongoza: kinabana mbao ili msumeno au drili ipite palepale kila mara. Zamani Mutuku alizitengeneza ili kazi iende mbio. Sasa anazitengeneza ziwe vidole vyake. Na kila jigi inataka bolti, washa, yaani vile vibati vya duara vya kuweka chini ya nati, na zile nati zenye masikio mawili ambazo mtu anakaza kwa mkono bila spana.

Basi tukaenda Thika kununua. Njiani alinifundisha kama mwalimu. Bolti zote ziwe za unene mmoja, milimita nane, zitofautiane urefu tu, ili nati yoyote ikubali bolti yoyote. Washa ziwe pana, ndiyo nati isile mbao. Na kila nati niijaribu kwa vidole, izunguke mpaka meno ya bolti yaishe. Ikikwama mzunguko wa pili, nirudishe. Tulipofika dukani akaniambia niingie mimi. Yeye akabaki nje, mkono ndani ya koti, na jua lilikuwa kali.

Nikazijaribu moja moja pale kaunta. Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Mwenye duka, kijana mwenye mdomo, akaniuliza, "Cucu, kwani unaunda ndege?" Huko Thika kila mwanamke mwenye leso ni cucu, nyanya wa kila mtu. Nikamjibu ndiyo, na rubani yuko nje. Watu wakacheka, nami nikapata nguvu, nikawaambia mwanangu ni fundi wa namna gani, na kabati zake ziko kwa nyumba za kina nani. Kijana akanyoosha shingo amwone huyo fundi. Mutuku akageuka, akaangalia barabara mpaka nikamaliza. Hapo nikafunga mdomo, nikalipa, nikatoka.

Tuliporudi tukakuta mkebe wako.

Ule wa mafuta ya kupikia, umefungwa kwa mpira wa baiskeli, jirani alitupokelea kutoka kwa mtu wa basi. Nilipoona vile umezipaka mafuta bolti zote, za jembe la ng'ombe, za vitanda, za ile pampu ya maji iliyokufa, nilikuona ukitoka kanisani umeinamisha kichwa ukiziokota njiani. Mutuku akazimwaga kwenye benchi. Akachukua nati mpya ya Thika akaanza kujaribu: hii inaingia, hii inakwama. Mafungu mawili. Mimi ninayechagua maharagwe tangu utoto sikuweza kuzitofautisha. Nikamuuliza anaangalia nini.

"Kwa macho huwezi," akasema. "Hizi ni za inchi, hizi za milimita. Nati inashika kidogo inagoma, unadhani umekaza. Mashine ikitetemeka, inaachia."

Akaendelea kuchagua. Nikamwangalia. Nikamuuliza, ile siku, ile nati iliyoachia mpaka kibao kikapinduka na mkono ukaenda nacho, ilikuwa imefungwa kwa bolti ya wapi? Akaiweka nati chini.

"Ya mkebe wa kwanza, ule niliotoka nao nyumbani," akasema. "Bolti ya Baba, nati ya duka. Nilikaza na spana, ikakataa, nikajua imefika mwisho." Kisha akasema, "Mama, usimwambie. Ataacha kuokota. Na akiacha kuokota, atafanya nini siku nzima?"

Baba Mutuku, ningenyamaza. Lakini ndugu yangu ameniambia ulivyosema nje ya kanisa, kwamba kijana alikuwa na haraka ya pesa, na mashine haitaki haraka. Siwezi kukaa na neno hilo. Hakuwa na haraka. Nati za duka alikuwa akizijaribu zote. Bolti zako tu ndizo hakujaribu, kwa sababu zilitoka mkononi mwako. Sikulaumu. Ulimpa ulichokuwa nacho siku anatoka nyumbani, na wewe haya hayajakupata kwa sababu bolti zako na nati ulizozifungia ulizitoa mahali pamoja, zimeshika kutu pamoja.

Sasa umesema unakuja mwisho wa mwezi kumchukua arudi achunge mbuzi. Anajua. Hajafunga nguo hata moja, wala hajakataa. Juzi alitengeneza mlango wa kabati kwa jigi mpya ukatoka umepinda. Akaupasua, nami nikapikia muthokoi wa mahindi na maharagwe kwa kuni hizo, na ulikuwa mgumu kumeza. Jana alijaribu mwingine. Jigi ilishika sawasawa, lakini mbao ndefu inataka mtu upande wa kuume, wa kuivuta inapotoka kwa msumeno. Nilishika mimi. Niliivuta ikaenda kombo, akazima mashine, akasema, "Wacha, Mama." Hajaiwasha tena.

Kwa hivyo njoo, lakini usije na kamba ya mbuzi. Njoo ushike upande huo. Usimwambie nilikuandikia, na usiombe msamaha mlangoni, atakimbia. Vaa tu koti la kazi, usimame upande wa kuume, ungoje awashe.

Nisalimie mama yako, umwambie dawa ya miguu nimeipata. Nisalimie dada yangu anayeuza maziwa, na ndugu yangu wa kwaya, ambaye simlaumu kwa kuniletea maneno. Mwambie binti yetu Mwende asiache shule kwa sababu ya kuteka maji. Nikirudi nitayateka mimi.

Mkebe wako uko kwenye rafu, hajautupa. Zile za milimita ameziweka pamoja na zangu za Thika. Zile za inchi amezirudisha ndani, akazipaka mafuta upya, akaufunga kwa ule mpira wako, kwa mkono mmoja na meno.

Usiache kuokota. Ila bolti isiyokuja na nati yake, iache hapo barabarani.

Ni mimi, mke wa fundi na mama wa fundi,
Mama Mutuku