Zaituni wa Musa

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, tope hadi mlangoni, na roho yangu imechafuka kuliko barabara.

Nina wivu. Acha niseme tu.

Mnaonisoma mnajua kazi yangu: natafsiri muvi za kutisha. Picha inakwenda, mie naingiza Kiswahili juu yake, halafu inaonyeshwa kwenye vibanda umiza, mabanda ya video ya huku Vingunguti. Sasa kuna huyu Musa, kaanza juzi tu, sauti ya mtu mwenye mafua. Mwenye kibanda katupatia sote wawili muvi moja. Atakayeitendea haki ndiye atakayepewa muvi zote za sikukuu.

Ya kwangu ilionyeshwa jana. Kila panga likishuka, mie napiga kelele: "Kata huyo! Damu hiyooo!" Watu wakacheka, wakatafuna karanga, wengine wanachati. Nikajua nimeshamfunika Musa.

Leo mchana nikaenda kuisikiliza ya Musa, nikiwa na mke wangu Rehema.

Yule binti anayechinjwa wa kwanza, ambaye mie sikumpa hata jina, Musa kamwita Zaituni. Eti anashona sare za kitchen party ya dada yake anayeolewa, kabakiza vifungo. Uongo mtupu, kwenye muvi hakuna kitu kama hicho! Lakini muuaji alipoingia, Musa akanyamaza. Kibanda kizima kikapiga kelele: "Zaituni, toka! Mlango wa nyuma, Zaituni!" Mama muuza supu kasimama kabisa. Rehema akanikamata mkono mpaka kucha zikaingia.

Rehema! Ambaye kwenye muvi zangu zote analalaga usingizi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani anamlilia Zaituni. "Masikini, vifungo tu ndo vilibaki." Nikamwambia damu ni ileile, panga lilelile. Wala hakunisikia.

Jioni hii mwenye kibanda kanionea huruma, kanipa muvi nyingine nijaribu tena, ndipo aamue. Nimeshaitazama. Anayekufa mwanzo ni mlinzi wa geti. Nimempa jina la Musa, makusudi kabisa, nimchinje kwa raha zangu.

Na hapa ndipo nimekwama, maiki mkononi. Watu hawatamlilia Musa kama hawajampenda kwanza. Na wa kuwafanya wampende ni mie.

Haya, braza Musa. Nianzie wapi kukusifia?