Bega Nililolikanda Bure

Baba Hawa,

Sikusalimii. Salamu utazipata mwisho wa barua, hasira ikinipungua. Isipopungua, utakaa bila.

Leo nimechanjwa. Dozi ya nyongeza ya korona, bega la kushoto, pale kituo cha afya karibu na soko la Kamwokya. Limevimba, linauma kuliko zile dozi mbili za kwanza. Sasa najua linavyouma, ndiyo maana nakuandikia. Wewe lako halikuuma. Ulikuwa unaigiza.

Unakumbuka ile jioni? Uliingia umeshika bega, unasema, "Mama Hawa, watu wale wamenichoma mpaka mfupani." Nikaacha unga wangu wa mandazi kwenye beseni, nikachemsha maji, nikakukanda kwa kitambaa mpaka vidole vikaniungua. Ukanywa uji vikombe viwili. Na bado ukalalamika kwamba maji hayana moto wa kutosha! Astaghfirullahi, mwanamume wewe.

Miezi mitatu baadaye korona ikakubeba. Na pumu yako ile, siku sita tu. Nilijua nimezika mume aliyechanjwa mara tatu, na kadi yako ilisema hivyo hivyo.

Ijumaa iliyopita mdogo wako Juma alikuja tukusomee dua ya mwaka. Akala, akanawa, halafu akaanza kulia. Nikadhani anakulilia wewe. Kumbe ni siri imemshinda. Alipokuwa anapeleka vitenge Juba, hana chanjo hata moja, ulimwazima kadi yako, eti jina la baba ni moja na kadi haina picha. Mpakani wakamwambia bila nyongeza hapiti. Wakamchoma, wakaandika kwenye kadi. Juma, anayekimbia hata sindano ya malaria! Akakurudishia kadi imejaa. Siku uliyokwenda kuchanjwa wewe, nesi akaitazama, akakwambia, "Mzee, wewe umeshamaliza, nenda nyumbani."

Na kweli ukaja nyumbani. Ukanyamaza, mdogo wako asiaibike.

Nakujua. Kwenu ndugu hanyimwi kitu. Shati lako, kitanda chetu, sahani ya mwisho, vyote vilitoka na mimi sikusema neno. Lakini hii, Baba Hawa? Hii nayo ya kuazimana? Ungemwambia nesi maneno matatu tu: "Aliyechomwa si mimi." Angekugombeza, angekuchoma, ungenirudia na bega la kweli. Labda ungekufa hata hivyo, Mungu ndiye ajuaye. Lakini usingekufa ukiwa umenidanganya.

Na mimi umenifanya nini? Mwaka mzima nimekaa mbele ya karai la mafuta nikiwaambia wateja, "Sindano ile ni maji matupu. Mume wangu alichomwa tatu, yuko wapi?" Wakanisikiliza. Nani atabishana na mjane? Nankya, yule muuza nyanya wa pembeni yangu uliyekuwa ukimtania kila asubuhi, ana kifua kibovu kama chako. Alikuwa tayari anakwenda kuchanjwa. Ni mimi niliyemrudisha, kwa mdomo wangu huu. Sasa kila akikohoa kwa moshi wa jiko langu, moyo unanipasuka.

Leo nesi aliniuliza, "Mama, mbona umechelewa hivi?" Nikakunja mkono wa gauni, nikampa bega.

Ya nyumbani ni haya. Mvua ya juzi Bwaise, maji yaliingia mpaka magotini. Kile kizingiti ulichokuwa unaahidi "wiki ijayo, wiki ijayo" nimekijenga mwenyewe, matofali mistari mitatu. Hawa amejifungua mtoto wa kiume. Amempa jina lako kabla hatujajua haya. Ningejua mapema ningemwambia angoje kwanza. Halafu ninapomshika, ana masikio yako, nayabusu.

Juma aliondoka akiniomba, "Shemeji, yaishe humu humu ndani." Nilifikiri siku nne. Najua ungetaka nikusitiri, na mke mwema angekusitiri. Mimi nimechoka kusitiri.

Kwa hiyo sikia. Kesho asubuhi, kabla sijawasha jiko, namweleza Nankya yote. Kadi, Juma, wewe, bega, uji, yote. Atapiga kelele, "Banange!" soko zima lisikie. Na lisikie. Watakaokucheka wacheke, na mimi wanicheke. Kisha nitamshika mkono mpaka kituoni, nitakaa naye kwenye benchi, na nitaangalia sindano ikiingia kwa macho yangu haya mawili. Mtu anayerudi nyumbani ameshika bega simwamini tena. Nikitoka hapo, kila mteja niliyemwambia ni maji matupu nitamwambia nilikosea. Hilo nakuahidi, upende usipende.

Haya, chukua salamu zako. Hasira haijaisha, lakini Mungu akupe huko uliko pumzi tele, kifua kisikubane tena.

Jioni hii nimechemsha maji, nimejikanda mwenyewe. Mkono wa kulia haufiki vizuri nyuma ya bega. Ilikuwa zamu yako.

Mkeo,
Mama Hawa