Ugonjwa Uliotoka Nyamianda

Nyamianda, tarehe 9 Oktoba 2017

Kwa mdogo wangu mpendwa Anne,

Nakusalimu sana, weye na shemeji Rémy, pamoja na mtoto mliyembatiza. Mnaendeleaje huko Sange? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Tangu risasi za mwezi uliopita tumelala chini ya kitanda mara mbili tu.

Donatien, yule veterineri aliyechukua damu ya nguruwe wetu na wenu walipokuwa wakifa, alipita hapa jana. Jibu la laboratwari limefika. Alinieleza kwamba virusi vya homa ya nguruwe vina jeni zake, na hizo zinaonyesha vimetoka wapi. Virusi vya Luvungi ni vingine kabisa. Vilivyoua nguruwe wako kumi na watatu ni vilevile vya hapa Nyamianda, havikupishana hata kidogo.

Basi Nkeshimana hana kosa. Maskini wa watu! Alikimbia vita Luvungi akaja kwenu na nguruwe wake mmoja, mkasema ndiye aliyewaletea ugonjwa, mkamfukuza na watoto wake. Donatien anasema wanalala kwenye baraza la kanisa, pale pale barabarani wanapopita wanajeshi.

Aliniuliza nani alitoka hapa na nyama kwenda Sange. Nikamwambia sijui.

Anne, ni minye. Siku ya ubatizo nilikuja na nyama, sababu mgeni haendi mikono mitupu. Ilikuwa ya jike langu; lilishikwa na homa, nikalichinja kabla halijafa, kama wote hapa tulivyofanya. Nilipofunga safari sikuwa na ubaya. Lakini Mama akawa anawashika wageni mkono, twendeni mkaone nguruwe wa Anne! Jike la kwanza alikupa weye, si minye niliye mkubwa. Wivu ulinikaba, loo! Nikachukua mifupa na maji niliyooshea ile nyama, nikamwaga katika chakula cha nguruwe wako. Nilijua ninachofanya.

Na nisikudanganye: hata leo nikisikia umepata nguruwe mwingine, roho itaniuma.

Barua hii mpe shefu wa kijiji, aisome siku ya soko mbele ya watu wote. Jina langu asiliruke, kusudi Nkeshimana arudi kabla vita havijamkuta pale.

Msalimie Rémy, na mtoto umbusu. Mama usimpe salamu zangu sasa. Asikie kwanza barua, halafu aseme kama bado anazitaka.

Ni minye dada yako,
Noella