Mrija wa Kwanza

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya ziwa huko Rumonge? Mimi mzima, nimekonda kidogo tu, usimwambie bibi. Barua hii anakuletea yule mama muuza dagaa wa Ujiji. Naomba uisome kabla ya ile ya baba mdogo, maana najua naye anakuandikia.

Mama, hapa kambini wanaume wa kamati ya wakimbizi walikaa wakaamua kwamba msichana akishavunja ungo asionekane tena darasani wala kwenye kuni, aolewe, ati kwa usalama wetu. Hatukuulizwa. Ukiolewa, jina lako linafutwa kwenye kadi ya mgawo ya kwenu na kuandikwa kwenye kadi ya mume, na hapo hata unga wako unamfuata yeye. Mwezi uliopita aliolewa rafiki yangu Spesi, niliyekaa naye dawati moja. Mtama wa pombe ya posa yake niliusaga mimi. Nilisaga huku nalia, lakini nilisaga, na hilo bado linaniuma.

Basi zamu yangu ikafika. Mchumba ni fundi baiskeli, amefiwa na mke, ana watoto wanne, na mkubwa wao ni rika langu. Wasichana wa mtaa wetu tukakubaliana kwamba hakuna atakayesaga. Baba mdogo alibisha hodi milango sita, kila mlango akaambiwa binti anaumwa tumbo. Hakukata tamaa, akanunua mtungi mzima wa pombe kwa Waha wa kijiji cha jirani.

Jumamosi mchana wazee wakaketi. Desturi yetu unaijua: mwenye binti ndiye anayetia mrija wa kwanza mtungini, na akishakunywa, posa imekubaliwa. Kugawa mirija nikapewa mimi, nimepiga magoti, kichwa chini. Nikachomeka mmoja mtungini, nikanywa mafundo matatu mbele yao wote. Ilikuwa kali, nusura nipaliwe.

“Mwenye binti ni mimi,” nikasema. “Nimekunywa, na neno langu ni hapana.”

Baba mdogo alisema taratibu, “Mukobwa, binti wewe, umenivua nguo mbele za watu.” Nilimhurumia, Mama, sikufichi. Lakini hakuna mzee awezaye kunywa posa iliyotanguliwa na binti mwenyewe, kwa hiyo wakaondoka na kiu yao.

Tangu siku hiyo nalala kwa Mama Domitila, mjane wa nyumba ya tatu. Kadi anayo baba mdogo, na mgawo uliopita sikupata kitu. Wale wasichana sita kila mmoja ananiletea kikombe cha unga kutoka kwao. Jumatatu tulirudi darasani sote saba, tukakaa mbele kabisa. Mwalimu wetu, mwenyeji wa Gungu, si mtu wa kambini, alitazama mlangoni kama kuna mtu wa kamati, kisha akaanza kufundisha.

Nisalimie bibi, na shangazi mkunga, na mdogo wangu Eriki, mwambie madaftari yangu asiyachanie vishada.

Sasa baba mdogo anataka kuweka mtungi wa pili, na safari hii anaomba ruhusa yako. Najua utataka kunitetea, umwambie mimi ni mtoto, sikujua nilichofanya. Usiniombee msamaha. Nilijua. Na ukimkubalia, Mama, nakupenda sana, lakini nitakunywa tena.

Binti yako, ambaye bado ni wa kwenu,
Konsolata