Kidevu cha Mkurugenzi

Jumatano, 6 Agosti 2025
Nimempeleka Baba kwa Daktari Georgette, kupimwa meno ya bandia, ya juu na ya chini. Akapewa nta ang'ate. Legeza taya, daktari akamwambia, funga mdomo kama mtu anayemeza mate. Kumbe Baba kanyoa, kavaa koti la Jumapili, na ukutani kuna kioo! Kidevu mbele, kama anapigwa picha. Daktari akakirudisha nyuma. Daktari alipogeuka kidogo — kidevu mbele tena. Nta ikakauka hivyo hivyo. Mbavu sina.

Jumatano, 20 Agosti
Meno yamefika! Meupe kupita kiasi. Ila yanakutana tu Baba akisukuma taya mbele. Kwa hiyo anatembea nalo hivyo. Majirani wanamwita "directeur", mkurugenzi — yeye, karani mstaafu wa kiwandani. Anaitika!

Ijumaa, 22 Agosti
Bukari, ugali wetu, anaimeza. Sombe, majani ya muhogo, pia. Nyama, hapana. Anatafuna kidogo, anashika mashavu, anasingizia chumvi.

Tumerudi kwa daktari. Akambonyeza mashavu na panja. Baba akaruka! Taya liko pasipo pake, daktari akasema, misuli ya kutafunia inafanya kazi hata akinyamaza. Ikichoka zaidi itakaza. Nta upya, na wiki mbili bila meno.

"Hapana, dokta! Minye shitaki kurudia kuwa muzee. Menyo hii iko bien!"

Na kesho kina Mathieu wangu wanakuja kunichumbia. Kwetu jibu la baba halisemwi, linaliwa: akila firigisi ya kuku mbele ya wageni, amekubali. Firigisi! Kwa nini isiwe ini? Mama ataichemsha tangu alfajiri. Ninaogopa kweli.

Jumamosi, 23 Agosti
Niko jikoni, mlango nusu wazi. Mzee Kazadi, babake Mathieu, katoka Kambove na kofia mpya. Amemnong'oneza ndugu yake: huyu anatudharau, ona kidevu.

Baba ametia firigisi mdomoni. Anatafuna. Anatafuna. Bado anatafuna! Jasho. Sasa ameacha. Shavu limevimba upande mmoja, taya limekaza — haliendi mbele, halirudi nyuma.

Mzee Kazadi, kwa upole: "Papa Symphorien, ni namna gani? Mutoto wetu haiko muzuri?"

Mama ameinama sikioni kwa Baba: toa meno, meza, basi. Baba akatikisa kichwa. Mama tena. Akatikisa kwa nguvu! Eti aonekane kibogoyo mbele ya wakwe! Lakini Mzee Kazadi hakumsikia Mama. Ameona kichwa tu.

Anaomba kofia yake. Mathieu ananitazama kupitia mlango — Mungu wangu, macho yale. Baba ameelewa, kamshika Mzee Kazadi mkono, anamtikisia kichwa: hapana, hapana, usiende. Na kila anavyotikisa, wao wanazidi kuinuka —