Nyumba Tatu za Barabara ya Ukingoni

Skarby, 3 Februari 1991

Mwanangu Clive,

Hujambo huko Leeds? Mkeo Janice naye? Mimi mzima, magoti tu yanalalamikia baridi.

Jumanne bahari ilikula banda la njiwa la jirani yetu Wilf. Njiwa waliruka wote, Wilf akabaki na ufunguo mkononi. Toka mlango wangu wa jikoni hadi ukingoni, bahari inapomega ardhi, ni hatua ishirini na mbili. Nilipoolewa mtaa huu ulikuwa na nyumba kumi na moja, sasa ni tatu. Lakini kule bara, kwenye nyumba mpya, wastaafu wa mijini wanamiminika. Zamani tulikuwa watu mia sita, tukijuana hata kwa kikohozi. Leo ni elfu tatu.

Mama yako

Leeds, 11 Februari

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, ila Janice ana mafua. Mama, hama, chumba kipo. Niliwapigia simu halmashauri. Ukuta wa mawe wa kuzuia bahari utajengwa penye maduka na hoteli tu, kwenye watu wengi. Nikauliza, "Kwani mama yangu si mtu?" Bibi aliyepokea simu akasema, "Pole sana, kaka."

Mwanao

Skarby, 2 Machi

Clive,

Salama? Leeds usinitajie tena. Wilf aliondoka jana, hakuaga. Zimebaki hatua kumi na nne. Leo karani wa halmashauri amekuja na barua ya kubomoa nyumba. Nikampa chai, akainywa amesimama.

"Kaa, baba, haianguki sasa hivi."

"Nashukuru, mama. Nitasimama tu."

Mama yako

Leeds, 20 Machi

Mama,

U mzima? Simu yako haiiti na barua sipati. Nakuja Jumamosi.

Mwanao

Nyumba Mpya, Skarby, 9 Aprili

Mwanangu,

Mmefika salama? Usione haya kwa kulia mbele ya watu. Katapila liliimaliza nyumba yetu kwa dakika ishirini, hata mimi sikujua nitazame wapi.

Chumba nilichopewa kina joto. Jana nilikwenda dukani. Muuzaji, mama mcheshi sana, akasema, "Karibu Skarby, bibi! Umehamia kutoka wapi?"

Nilizaliwa hapa, Clive, miaka sabini na nne iliyopita. Nikageuka nimwonyeshe nyumbani kwangu, nikainua na mkono kabisa. Nilikoelekeza kulikuwa na maji tu.

Nikamwambia, "Si mbali."

Akanisindikiza hadi mlangoni, akaanza kunielekeza njia ya kanisani, kanisa nilimobatizwa na kuolewa. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Mama yako